Kabla hatujakupimia dawa ya "kuongeza kinga"

Mzee mmoja aliingia dukani kwetu asubuhi, mfuko wa kitambaa begani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi la mlangoni akajifuta jasho. "Mwanangu, nimeambiwa mna unga wa kuongeza kinga. Nipimie wa mwezi mzima, mwili huu unachoka mno siku hizi."

Nilishashika kijiko. Unga wenyewe ni manjano, tangawizi kavu, habbat soda iliyotwangwa na pilipili manga kidogo. Tumeuuza miaka na miaka. Nikamuuliza kwa mazoea tu, "Baba, kuna dawa nyingine unatumia?" Akafungua mfuko, akanipangia juu ya kaunta boksi tatu za vidonge, moja baada ya nyingine. Alikuwa amepandikizwa figo.

Nikarudisha kijiko koponi.

Mtu aliyepandikizwa figo hunywa dawa maisha yake yote ili kuituliza kinga yake. Figo ile, hata kama ametoa ndugu wa tumbo moja, kinga huiona mgeni aliyevunja mlango, na ikiachwa huru huishambulia mpaka ife. Kwa hiyo baba yule alikuwa anakunywa dawa za kushusha kinga mkono wa kulia, na mkono wa kushoto anakuja kwangu kununua ya kuipandisha. Na si hilo tu. Pilipili manga ina kiini kinachoitwa piperini, na piperini hupunguza kasi ya vimeng'enya vya ini na utumbo vinavyovunja dawa nyingi za hospitali, za kupandikizwa zikiwemo. Dawa isipovunjwa hujaa kwenye damu. Na dawa zile zikizidi, zinaumiza figo ileile.

Nilimweleza taratibu, akanisikiliza, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Mimi sikudhani hii ni dawa. Nilidhani ni ya asili." Akarudi kliniki yake. Baadaye alipita kunijulisha kwamba uchovu ule ulitokana na upungufu wa damu, na wameanza kumtibu.

Miaka ya nyuma mtu kama yeye asingeingia dukani kwetu, kwa sababu hapa Tanzania walikuwa wachache sana. Waliopandikizwa walikwenda India na wengi wao tuliwasikia tu. Hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Leo wagonjwa hao ni majirani zetu, wanapanda daladala na sisi, na wanaingia kwenye maduka ya dawa za asili kama mtu mwingine yeyote. Ila sisi wauzaji tumebaki na maneno ya zamani.

Siku hiyo jioni mama mdogo na mimi tulikaa tukabandua lebo. Kopo zote zilizoandikwa "huongeza kinga" sasa zinasema kilichomo, tarehe tuliyosaga na kiasi cha kutumia. Wateja wetu wa siku nyingi wameuliza kwa nini, wengine wakidhani serikali imetukataza. Haijatukataza. Ngoja nieleze.

Kinga si debe la maji

Tunavyosema "kinga imeshuka" na "kuongeza kinga", mtu anapata picha ya debe: likipungua, ongeza. Mimi mwenyewe nilikua na picha hiyo. Lakini kinga ya mwili ni kundi la seli za aina nyingi, kila moja na kazi yake, na kazi kubwa kuliko zote ni kutambua nani wa humu na nani si wa humu.

Ukiifikiria kama sungusungu wa kijiji utakuwa karibu na ukweli. Kuna wanaozunguka usiku kucha na kumkamata yeyote wasiyemjua: hawa ni nyutrofili, chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko zote kwenye damu, na makrofaji, ambazo huwameza wadudu mzimamzima. Kuna wapelelezi wanaobeba kipande cha adui na kukipeleka kwenye tezi kuwaonyesha wakubwa. Wapo wakubwa wenyewe, seli T, wanaoamua vita iwe kubwa kiasi gani. Ndizo ambazo VVU huzishambulia, na ndizo zinazohesabiwa mtu anapopimwa CD4. Na wapo mafundi, seli B, wanaotengeneza kingamwili za kumnasa adui yule yule atakaporudi mwakani.

Sasa mwambie mwenyekiti wa kijiji, "ongeza sungusungu." Waongezwe wepi? Na wakishaongezeka, nani atawazuia wasimpige mwenye nyumba aliyechelewa kurudi kutoka msibani? Hicho ndicho kinachotokea kwa mtu mwenye lupasi, au baridi yabisi ile ya kinga kula viungo, au kisukari cha utotoni: sungusungu wamemkosea mwenye nyumba. Mgonjwa wa namna hiyo hana kinga kidogo. Kinga yake ni kali, imepotea njia tu. Anakuja anaumwa viungo, amevimba vidole, anaambiwa na shoga yake kwamba kinga imeshuka, atumie hiki na hiki. Kuna mmea ambao kwa hawa una ushahidi wa madhara: alfalfa, yaani lusini tunayolisha ng'ombe, ambayo siku hizi inauzwa kwa vidonge na maji ya kijani. Mbegu na machipukizi yake yana asidi amino iitwayo kanavanini, na wagonjwa wa lupasi waliokuwa wametulia wameamshiwa ugonjwa na vidonge hivyo. Hapa dukani hatuiweki kabisa.

Mti wa sabuni wa Chile

Usidhani basi nasema mimea haifanyi lolote kwenye kinga. Inafanya, na mfano mzuri kuliko yote umeshaingia mwilini mwa watoto wa Afrika Mashariki.

Huko Chile kuna mti unaitwa Quillaja saponaria. Gome lake ukiliponda na maji linatoa povu, na wenyeji wa kule walilitumia kama sabuni tangu zamani. Povu linatokana na viini vinavyoitwa saponini. Watafiti waligundua kwamba saponini ya gome hili ikidungwa pamoja na chanjo, seli za mahali pale zinashtuka, zinaita wenzao, wapelelezi wanakimbilia kwenye tezi wengi zaidi, na kingamwili zinazotengenezwa zinakuwa nyingi na imara. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo ilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2019 Kenya, Ghana na Malawi, ina kiini cha mti huo. Chanjo ya pili ya malaria, R21, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, nayo ina saponini za mti huohuo. Mtoto wa Homa Bay, Kenya, amekingwa na malaria kwa msaada wa gome la Chile.

Ninaisimulia sana habari hii dukani kwa sababu ya kipimo. Dozi moja ya RTS,S ina maikrogramu 25 za kiini hicho. Chukua punje moja ya chumvi ya mezani: ni nzito kuliko hiyo. Na si gome lililosagwa. Ni kiini kimoja kilichotengwa na vingine vyote, kwa sababu saponini ghafi ikiingia kwenye damu inapasua chembe nyekundu. Gome lilelile, kipimo kingine, ni sumu. Ndiyo maana mtu akiniambia mmea fulani "hauna madhara kwa sababu ni mmea", moyo wangu unashtuka. Mmea wenye nguvu ya kuamsha kinga una nguvu ya kufanya na mengine.

Na huo ni mmea unaoamsha. Mingi tunayoiuza kwa jina la "kuongeza kinga" kazi yake ni kinyume: inatuliza.

Chukua tangawizi. Tangawizi yetu inatoka milima ya Same, kule Mamba Miamba, na wateja wengi wanainunua wakiamini inapandisha kinga. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambamo watu wazima wasio na ugonjwa walikunywa vidonge vya tangawizi vyenye miligramu 20 za gingeroli, viini vyake vikali, kwa siku, siku 7. Waliangalia nyutrofili zao. Seli hizi zikiwa vitani zina tabia ya kujipasua na kurusha kitu kama wavu wa kunasia wadudu. Wavu huo ukizidi ndio unaochochea uvimbe na kuganda kwa damu kwa wagonjwa kama wa lupasi. Baada ya wiki moja, nyutrofili za wale waliokunywa tangawizi zilikuwa nzito kurusha wavu. Zilitulia. Kwa hiyo ile nafuu unayoipata kooni na kwenye viungo ukinywa chai ya tangawizi ni ya kweli, ila jina lake si kuongezeka kwa kinga.

Manjano ndivyo hivyo. Kiini chake, kurkumini, maabara kinazuia mojawapo ya swichi kubwa zinazowasha uvimbe ndani ya seli. Tatizo ni kwamba kikiingia tumboni karibu chote kinapita bila kufyonzwa. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba gramu 2 za kurkumini zikinywewa pamoja na miligramu 20 za piperini, kiasi kinachoonekana kwenye damu kinapanda kwa asilimia 2,000. Bibi zetu walitia pilipili manga kwenye mchuzi wa binzari kabla ya majaribio hayo, na mchuzi haumdhuru mtu. Lakini kijiko cha mchuzi na kijiko cha unga mkavu mara tatu kwa siku mwezi mzima si kitu kimoja. Na unakumbuka ya yule baba: njia ileile inayoingiza manjano ndiyo inayoziba njia ya kutoa dawa nyingine.

Kilichoonekana maabara na kilichoonekana kwa watu

Watu wananitumia picha za habari za mtandaoni: "Utafiti wathibitisha jani fulani laongeza seli za kinga mara kumi." Siku hizi ninauliza swali moja: seli hizo zilikuwa wapi? Mara nyingi zilikuwa kwenye kichupa cha maabara, zikamwagiwa maji ya jani moja kwa moja. Mtu hanywi dawa ikaenda moja kwa moja kwenye seli. Inapita tumboni, utumbo, ini, na kinachofika ni kidogo, tena kimebadilika.

Kuna jambo lingine lililonishangaza nilipolijua. Ekinesia, ua la Marekani Kaskazini linalouzwa dunia nzima kwa ajili ya mafua, lilionekana maabara likizisisimua makrofaji vizuri sana. Walipochunguza zaidi wakakuta sehemu kubwa ya msisimko ule ulisababishwa na mabaki ya bakteria wanaoishi ndani ya mmea. Seli zilikuwa zinafanya kazi yake ya kila siku: zimeona bakteria, zimepiga kelele. Na mwaka 2005 lilipojaribiwa kwa watu karibu 400 waliojitolea kutiwa virusi vya mafua puani, waliokunywa ekinesia na waliokunywa kisicho dawa waliugua sawasawa.

Kitunguu saumu kimefanya vizuri kidogo. Uingereza, mwaka 2001, watu 146 walifuatwa kwa wiki 12 za msimu wa baridi. Nusu walikunywa kidonge cha saumu na nusu kisicho dawa. Kwa waliokunywa saumu mafua yalihesabiwa mara 24, kwa wenzao mara 65. Ni jaribio moja, na mafua waliyaandika wenyewe nyumbani, kwa hiyo siwezi kukuapia. Lakini kwa mtu mzima mwenye afya, saumu mbichi kwenye kachumbari ni mboga, na sina sababu ya kumnyima.

Mtu anayetumia ARV ni habari nyingine. Mwaka 2001 watafiti wa serikali ya Marekani walitoa taarifa kwamba vidonge vya saumu vilishusha kiasi cha saquinavir, mojawapo ya ARV, kwenye damu kwa takriban nusu. Nusu! Dawa imemezwa, lakini virusi vinapata dozi nusu, na dozi nusu ndiyo shule ya virusi kujifunza usugu. Saquinavir haitumiki sana siku hizi, ila funzo limebaki, kwamba saumu ya vidonge inaweza kugusa dawa ambayo hata hukuifikiria. Huko Afrika Kusini nako walijaribu Sutherlandia, mmea unaosifiwa mno kwa wenye VVU, kwa watu waliokuwa hawajaanza ARV. Matokeo yalitoka mwaka 2015: CD4 hazikupanda kuliko za wenzao, na waliokunywa mmea waliandika wastani wa siku 9 za maambukizi, wenzao siku 5. Hao walikuwa wakinywa kilichoitwa kiongeza kinga.

Haki ya mlonge niiseme pia, kwa sababu watu wanauogopa bure. Maabara ilionekana kwamba maji ya majani ya mlonge yanaweza kuzuia vimeng'enya vinavyovunja ARV. Zimbabwe wakapima kwa watu wenyewe: wanaotumia ARV iitwayo nevirapine walipewa unga wa majani gramu 1.85 mara mbili kwa siku, siku 14. Kiasi cha dawa kwenye damu hakikubadilika kwa namna ya maana. Kwa hiyo maabara inaweza kukutia moyo bure na kukuogofya bure vilevile.

Mlonge wenyewe ninaupenda kuliko mimea yote dukani, na ninausema kwa jina lake: ni chakula. Mtoto asiyepata vitamini A, madini ya chuma na protini ya kutosha hana kinga, na hakuna mizizi itakayomsaidia kabla ya sahani. Kijiko cha unga wa mlonge kwenye uji wenye karanga na dagaa kina maana. Zile hesabu za mitandaoni za "vitamini C mara saba ya chungwa" ziache; hiyo ni ya jani bichi, na likikaushwa sehemu kubwa ya vitamini C inapotea. Ukitaka vitamini C kula chungwa la Muheza.

Namna tunavyotengeneza

Mwaka 1971 mtafiti wa China, Tu Youyou, alikuwa amekwama. Pakanga ya Kichina, artemisia, ilisifiwa kwenye vitabu vya zamani kwa homa, lakini akiichemsha haifanyi kazi. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta maagizo ya kuloweka kiganja cha majani kwenye maji kisha kukamua na kunywa. Hakuna moto. Akatambua kwamba joto linaua kiini. Akakitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Ndiyo artemisinini, msingi wa dawa mseto tunayomeza wote tukiugua malaria, na alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. (Angalia pia kwamba artemisinini haiongezi kinga. Inaua vimelea. Mimea mingi inayotuponya inafanya hivyo, na sifa tunaipa kinga.)

Kwa hiyo mteja anaponiuliza "nichemshe au niloweke?", swali lake ni zito kuliko anavyodhani. Saumu ukiitia nzima kwenye maji ya moto, umepika kitunguu. Kiini chake, alisini, hakimo ndani ya saumu nzima. Kinazaliwa pale inapopondwa, kimeng'enya kinapokutana na mwenzake, na joto hukiua kimeng'enya hicho. Iponde, iache dakika 10, ndipo uitie jikoni. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya gingeroli inageuka kuwa shogaoli, kali zaidi, ndiyo maana unga unawasha kuliko mbichi na kijiko chake kiwe kidogo. Gome na mizizi migumu huhitaji kuchemshwa, majani laini mengi yanatosha kumwagiwa maji ya moto na kufunikwa. Sisi tunakausha majani kivulini, juu ya wavu, hayagusi sakafu.

Juu ya ukungu hatuna mzaha. Unga ulioshika unyevu unaota kuvu, na kuvu wengine wanatoa sumukuvu, inayoharibu ini na yenyewe inaishusha kinga. Mwaka 2016 sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Mizizi na mbegu za dawa zinashika kuvu kama mahindi. Ukinunua kwetu ukaona unga umeganda mabonge au una harufu ya gunia, urudishe, tutakupa mwingine, hata kama kosa ni kwamba uliuhifadhi karibu na mtungi.

Mafuta ya mwarobaini tunauza ya kupaka tu. Jina la mti linaahidi maradhi arobaini na majani yake tumekunywa wote utotoni, lakini mafuta ya mbegu zake yakinywewa yameshawatia watoto wadogo degedege na kupoteza fahamu. Mama mwenye mtoto mchanga akiniomba ya kumnywesha "apate kinga", simpi, na ninamweleza kwamba maziwa yake yana kingamwili zilizo tayari.

Unga unaoponya usiku mmoja

Hili linaniuma. Kila baada ya muda mteja ananiletea unga au vidonge visivyo na jina, alivyonunua stendi au kwa mtu wa kwenye simu, akisema: "Dada, hii ilinitoa maumivu ya magoti siku moja, unayo kama hii?" Mmea hautulizi kinga kwa kasi hiyo. Steroidi, dawa kali ya kutuliza kinga na uvimbe, ndiyo inafanya hivyo. Katika nchi nyingi wapimaji wamekuta deksamethasoni, steroidi ya hospitali, imechanganywa kwenye unga ulioandikwa kuwa wa asili mtupu. Mtu anajisikia kijana, anakula sana, uso unajaa na kuwa mviringo, majirani wanamsifu amenawiri. Kumbe kinga yake inalazwa, sukari inapanda, kifua kikuu kilichokuwa kimelala kinaamka. Na akiacha ghafla anaweza kuzimia, kwa sababu mwili ulishaacha kutengeneza steroidi yake.

Kama umetumia kitu cha namna hiyo kwa wiki kadhaa, usikitupe na usikiache kwa siku moja. Kibebe hospitali na chombo chake. Waambie ukweli, hawatakufukuza.

Ukija dukani

Tutakuuliza maswali, na tunaomba usione tunakuchunguza. Tutauliza unatumia dawa gani za hospitali. Ukishindwa kuzitamka njoo na boksi, au piga picha. Tutauliza kama una mimba au unanyonyesha, kama una kisukari, kwa sababu uwatu na mlonge pamoja na vidonge vinaweza kushusha sukari kupita kiasi, na kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kwa sababu saumu na tangawizi nyingi zinaelekea upande huohuo. Una upasuaji karibuni? Tuambie. Unataja ARV mbele ya watu huwezi? Kuna chumba cha nyuma, mama mdogo yupo, na halitoki neno.

Kuna wateja ambao hatutawauzia mchanganyiko wowote siku hiyo: aliyepandikizwa kiungo, anayepata dawa za saratani, mwenye lupasi au baridi yabisi anayetumia dawa za kutuliza kinga, mpaka daktari wake aseme. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayetoka jasho usiku, anayepungua uzito bila sababu, yeye tunamwelekeza akapime makohozi kwanza. Kifua kikuu kinatibika na vipimo ni bure. Mwaka 2011 tuliona misururu ya magari ya kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kilichosifiwa kuponya maradhi sugu, na wapo waliorudi wakaacha ARV kwa imani kwamba wamepona. Sitaki mtu aache dawa kwa ajili ya kopo lililotoka kwenye rafu yangu.

Mwenye afya yake, anayetaka chai ya kumpasha kooni msimu wa baridi wa Juni, karibu. Tangawizi ya Same imeingia wiki hii, na mdalasini na pilipili manga ya Amani ipo. Mlonge tumesaga Jumatatu. Tunafungua saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Ijumaa tunafunga saa sita na kurudi saa nane.